Mama Nusu ameshuka melini na benchi lake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, dereva wa lori anakichungulia kikombe chake kama mtu aliyeangusha pete kisimani. Kisha anainua macho kumtazama mama aliyemhudumia.

"Mama, hii ni chai au ni ya kuonja?"

"Ni chai, baba."

"Mbona nusu?"

"Nusu nyingine inakuja. Kunywa kwanza hiyo."

"Inakuja kutoka wapi? Birika si hilo hapo mkononi mwako?"

Kwenye benchi, mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni anacheka mpaka anajishika mbavu. Jirani yake, bwana mmoja aliyepakata trei mbili za mayai, anatikisa kichwa kwa huruma.

"Mgeni huyu," anasema. "Kaa, kaka. Ukisimama, hiyo nusu ya pili huioni."

Dereva anakaa. Benchi limeinama kidogo upande mmoja, kwa hiyo anateleza polepole hadi bega lake linagota kwenye trei. Bwana wa mayai hata hashtuki. "Basi shika hii moja," anamwambia, na kumpakatisha trei nzima kabla mwenzake hajapata la kusema.

Hivyo ndivyo wageni wanavyopokewa kwa Mama Nusu. Kibanda chenyewe ni chumba kimoja cha mabati kando ya kituo kipya cha mabasi, mahali ambapo barabara inaanza kupanda kwenda darajani. Ndani mna majiko mawili ya gesi yaliyozungushiwa fremu ya chuma, sufuria kubwa ambayo mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa tairi utadhani itatoroka, vikombe vya bati na kopo la vijiko. Mtu asiyejua atajiuliza sufuria imekosa nini mpaka ifungwe hivyo. Anayejua, anajua kwamba karibu kila kitu humu kimetoka majini.

Kwa miaka kumi na tisa, mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini na minne aliuza chai kwenye kona ya sitaha ya chini ya meli ya abiria, jirani na ngazi ya kushukia kwenye injini. Meli ilikuwa ikivuka kati ya mji huu na wa ng'ambo, mara sita kwa siku, dakika hamsini kila safari. Wiki kumi na mbili zilizopita njia hiyo ilifungwa, meli ikauzwa, ikaondoka. Yeye akabaki nchi kavu na birika mkononi.

"Jina nililopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, huko ndiko linakokaa," anasema. "Watu wote ni Mama Nusu. Hata mama mkwe alikuwa akiniita hivyo nikimpa kisogo."

Jina hilo lilianza na bwana harusi.

Ilikuwa mwezi wake wa kwanza melini. Alikuwa mjane mchanga, mwenye binti mmoja, na kitu pekee alichojua kukifanya bila kukosea kilikuwa chai. Bwana harusi akapanda na suti nyeupe pe, na wapambe wanne. Mama Nusu, akitaka kuonyesha heshima, akamjazia kikombe mpaka ukingoni.

Alichokuwa hajakijua ni kwamba katikati ya safari, kuanzia dakika ya kumi na nane hivi, meli inaingia kwenye mkondo unaoisukuma kwa ubavu. Inalala upande, inatulia, inalala tena. Hakuna hatari yoyote, wenyeji hata hawaachi kuongea. Lakini kikombe kilichojaa hakijui hayo.

"Chai yote ilitua mapajani," anasema Mama Nusu, na hata leo anajifunika uso kwa kiganja. "Ilibidi fundi wa injini avue suruali yake. Kijana wa watu ameoa na suruali inanuka dizeli. Bibi harusi alikuwa akimsogelea, kisha anarudi nyuma, anamsogelea, anarudi nyuma. Lakini ndoa ipo mpaka leo. Wana watoto watatu."

Kuanzia siku hiyo akaweka sheria yake. Meli ikiondoka, kila mtu nusu kikombe. Mkondo ukishapitwa, yeye anazunguka na birika akisema, "Haya, tumevuka, leteni vikombe," na kumimina nusu iliyobaki. Bei ni ya kikombe kimoja.

Kile alichokifanya kwa kuogopa kuchafua suti za watu kikageuka kuwa kitu kingine kabisa. Kwa sababu mtu anayesubiri nusu ya pili hana pa kwenda. Ameketi kwenye benchi refu la kona ile, amebanana na watu saba, na dakika ishirini za kuongea ziko mbele yake. Umbeya wa miji miwili ulikuwa ukikutana pale. Nani amehama, nani amerudiana na nani, mwenye nyumba gani amekata maji ya wapangaji wake. Nusu ya kwanza ilikuwa ya kusimulia. Nusu ya pili, wanasema waliokuwepo, ilikuwa ya kutoa hukumu.

Kesi iliyovuma kuliko zote ni ya suruali. Yule mwanamke wa futi, ambaye ni fundi cherehani, alimshonea bwana wa mayai suruali iliyotoka na mguu mmoja mfupi kwa vidole viwili. Bwana akaja nayo melini, akasimama mbele ya sitaha nzima, akauliza kama macho yake ndiyo mabovu.

"Nikamwambia kasoro haipo kwenye futi yangu, ipo kwenye mguu wake," anasema fundi cherehani bila kupepesa.

"Miguu yangu iko sawa tangu nizaliwe," anasema bwana wa mayai.

"Umewahi kuipima?"

Kwa miezi minne hawakusemeshana, na kwa miezi hiyo minne waliketi bega kwa bega, maana kila mtu alikuwa na nafasi yake na hakuna aliyekubali kuonekana ndiye aliyehama. Salamu zao zilipitia kwa Mama Nusu. Ila kila siku, meli ilipoingia mkondoni, trei za mayai zilianza kuteleza, na fundi cherehani ilimbidi azishike. Alizishika huku ameangalia pembeni, kwa miezi minne. Siku moja alizishika, akasema, "Lete hiyo suruali." Yakaisha.

"Huwezi kumnunia mtu mayai yake yakiwa mikononi mwako," anasema Mama Nusu. "Nchi kavu unaweza. Unainuka tu unaenda zako."

Kisha likaja daraja.

Yeye halisemi vibaya daraja. Mgonjwa ambaye zamani angesubiri meli ya asubuhi sasa anafika hospitali ng'ambo kwa dakika ishirini na tano. "Mimi mwenyewe nimelipita kumpeleka jirani kujifungua," anasema. "Nililia njia nzima, nusu kwa ajili ya jirani na nusu kwa ajili yangu."

Meli iliyokuwa ikibeba watu mia tatu kwa safari ikabeba sitini, halafu ishirini. Vikombe mia moja na themanini kwa siku vikawa hamsini. Mwishoni kulikuwa na safari ambazo wafanyakazi walikuwa wengi kuliko abiria, na fundi wa injini akipanda kuja kunywa chai kwa ajili tu ya kujaza benchi. Kisha karatasi ikabandikwa kwenye dirisha la tiketi: safari ya mwisho, Ijumaa, saa kumi jioni.

Ijumaa hiyo alipanda mwakilishi wa kampuni iliyoinunua meli, bwana mmoja nadhifu mwenye faili. Alikuwa akihesabu kila kitu, kuanzia maboya hadi ndoo za kupigia deki. Mama Nusu alikuwa ameshapewa habari na nahodha kwamba huko meli iendako kona yake haitahitajika, wataweka friji ya soda. Alilipokea hilo. Lililomkaa rohoni lilikuwa benchi.

"Nilijua nitapata mahali pa kuuzia chai. Majiko ni yangu, vikombe vyangu. Lakini nikiwaza watu wale wameketi kwenye viti vya plastiki, kila mtu na chake, roho inakataa."

Bwana wa faili alipofika kwenye kona, akaandika "mabenchi ishirini na nne," akaketi kupumzika. Mama Nusu akampa kikombe. Nusu.

Aliuliza swali ambalo kila mgeni huuliza, akapewa jibu lilelile. Na kwa vile ilikuwa safari ya mwisho, watu walikuwa wakisimulia kwa mara ya mwisho yale ya miaka yote, na zamu ilikuwa imefika kwenye suruali. Mkondo ukapiga. Bwana wa faili akajikuta ameweka faili chini na kukumbatia trei ya mayai ya mtu asiyemjua, akiuliza, "Sasa alileta hiyo suruali au hakuleta?"

Alipomiminiwa nusu ya pili, Mama Nusu akaona hapo ndipo.

"Mwanangu, hili benchi huko kwenu mtalifanyia nini, na mnaweka friji?"

Yule bwana akaangalia benchi. Akaangalia faili lake. Akakata namba, akaandika juu yake ishirini na tatu.

"Lakini litoke kabla ya Jumanne," akasema. "Na hii chai nimalizie."

Kulitoa haikuwa kazi ndogo. Lilikuwa limefungwa sakafuni kwa bolti nane. Fundi wa injini, ambaye ni yuleyule wa suruali ya dizeli, alifungua nne kwa spana. Nne nyingine zilikuwa zimeliwa na kutu zikashikana na chuma, ikabidi apige msumeno. Upande mmoja wa benchi ukatoka mfupi kuliko mwingine.

"Nisamehe, dada," alimwambia. "Utatafuta mtu akusawazishie."

"Limeinama kama lilivyokuwa likiinama," akajibu yeye. "Litabaki hivyo."

Jumanne saa nne asubuhi watu walijaa gatini kuiaga meli. Mama Nusu, ambaye hakosi neno, aliwatazama akasema, "Mngekuwa mnapanda hivi, isingeuzwa." Benchi lilikuwa juu ya mkokoteni nyuma yake. Fundi cherehani alikuwepo, bwana wa mayai alikuwepo, siku hiyo bila mayai, na alionekana kama mtu aliyepungua mkono.

Kamba zikafunguliwa. Nahodha akapiga honi ndefu moja, ile ya kuondoka. Kisha zikasikika honi mbili fupi.

Honi hizo mbili hazimo kwenye kitabu chochote cha unahodha. Zilikuwa za Mama Nusu. Kila asubuhi alikuwa akitoka kwenda kuchukua maziwa nje ya geti, na kila alipochelewa, nahodha alimwita hivyo: fupi mbili, halafu anasubiri mpaka aone kidumu cha maziwa kikikimbia kushuka ngazi. Kwa miaka kumi na tisa meli haikuwahi kumwacha.

Jumanne hiyo miguu yake ilianza kwenda. Hatua moja, mbili, tatu, kuelekea ukingoni mwa gati ambapo palikuwa na maji tu. Fundi cherehani akamdaka mkono.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Naitwa," akasema.

Akasimama. Wote wakasimama. Meli ikageuza kichwa na kwenda.

Nahodha, akizungumza kwa simu kutoka anakofanya kazi sasa, anasema hakukusudia. "Niliangalia gatini nikamwona amesimama pale kama siku zote, mkono ukaenda wenyewe. Nilikuwa nimeshapiga ya pili ndipo nikaelewa nimefanya nini. Sikuangalia nyuma tena. Nimeendesha meli hii kwenye mawimbi makubwa, lakini ile asubuhi ndiyo iliyonitoa jasho."

Kibanda kilifunguliwa wiki mbili baadaye, na kilianza vibaya.

Mkono wa Mama Nusu ulikuwa umezoea, kikombe kikifika nusu unainua birika wenyewe. Wateja wa kituoni wakadhani wanapunjwa. Mmoja alimwambia aende akauze kwa vijiko. Kopo la vijiko nalo lilimsumbua. Melini lilikuwa likitetemeka na injini kutwa nzima, sasa limekaa kimya, na ukimya ule ulikuwa ukimfanya ageuke kila mara kuangalia kama kuna kilichoharibika.

Binti yake, muuguzi katika mji mwingine, alimpa ushauri kwa simu, na tarehe ya mwisho juu yake. "Mama, jaza vikombe kama watu wengine. Na kodi ya kibanda umelipa miezi miwili. Ikiisha na bado hali ni hiyo, funga, uje tukae wote. Mjukuu wako anataka bibi, hataki chai."

Akajaza. Kwa siku tano kila kikombe kilifika ukingoni. Malalamiko yakaisha, na watu wakaisha nayo. Walikunywa wamesimama, macho kwenye mabasi, wakarudisha kikombe na kuondoka. Siku ya tano aliuza vikombe ishirini na viwili, na katika kila kumi, vinne vilikuwa vya kodi. Lakini anasema si hesabu iliyomkata maini.

"Nilifunga jioni nikagundua sijasikia habari ya mtu yeyote. Siku nzima. Sijui nani anaumwa, sijui nani kaolewa. Nikajiambia, mimi nimekuwa bomba la maji."

Siku ya sita akaja bwana wa mayai. Siku hizi anavuka kwa basi, na trei zake anaziweka mapajani peke yake, abiria wa pembeni akiwa na simu yake masikioni. Akaketi kwenye benchi, akateleza hadi upande ulioinama, akapewa kikombe kilichojaa. Akakitazama kama alivyotazama suruali ile.

"Hii chai ya nani?"

"Yako."

"Mimi sijawahi kunywa chai hii. Punguza."

Akapunguza. Bwana wa mayai akasubiri nusu yake ya pili, na alipokuwa akisubiri akampigia simu fundi cherehani kumwuliza yuko wapi mbona benchi lina baridi. Kesho yake walikuwa watatu. Wiki iliyofuata walikuwa wanane, wamebanana, na wa mwisho alikuwa mgeni aliyekuja kulalamika.

Mama Nusu hakujaza kikombe tena.

Sasa anauza vikombe themanini kwa siku njema. Si mia moja na themanini, na hadanganyi mtu kwamba ni sawa. Kuna siku za mvua anazofunga mapema, na kodi imepanda mara moja tayari. Anayeharakia basi anaambiwa kwa upole kuna duka la pembeni. Anayekaa, anapewa nusu, na nusu ya pili inakuja dakika ishirini baadaye, iwepo habari ya kusimulia au isiwepo, ingawa haijawahi kutokea isiwepo.

Jumamosi iliyopita, siku ambayo miezi miwili ilitimia, binti yake alifika na mtoto mgongoni na begi tupu la kubebea vitu vya mama. Aliketi ili apumue tu. Akateleza. Fundi cherehani akampokea mtoto, bwana wa mayai akampa trei kwa kubadilishana, na mtu mmoja akauliza kama ni kweli huko hospitalini kwao daktari mkuu amemwoa mpishi. Binti akasema hapana, si mpishi, na kwamba habari yenyewe ni ndefu.

Basi lake la saa nane likaondoka. La saa tisa pia.

"Nikamwona ananyoosha kikombe," anasema Mama Nusu. "Hajaniangalia, bado anaongea na watu. Anauliza tu, 'Mama, bado hatujavuka?' Nikajua begi litarudi tupu." Mjukuu, wamekubaliana, ataletwa kila mwisho wa mwezi.

Asubuhi ya leo, dereva wa lori akiwa bado na trei ya mayai mapajani, simu ya Mama Nusu inaita. Ni seremala. Ameagizwa atengeneze benchi la pili, la kuelekeana na hili, magoti kwa magoti kama ilivyokuwa melini, na amempigia kwa mara ya tatu.

"Ndiyo, fundi. Upande mmoja mfupi... Hapana, sijakosea... Vidole viwili... Fundi, nisikilize. Ukilisawazisha, silichukui."

Anakata simu. Fundi cherehani ameshika kiuno.

"Vidole viwili," anasema. "Mimi kwa vidole viwili hivyohivyo nimenuniwa miezi minne. Seremala yeye analipwa."

"Wewe ulishona suruali," anasema bwana wa mayai. "Suruali haiketiwi na watu wanane."

"Ilikuwa suruali gani?" anauliza dereva.

Wanamgeukia wote. Nje, lori lake limezimwa, na msaidizi wake amechoka kungoja, ameteremka anakuja.

Mama Nusu anapitisha mkono kwenye kopo la vijiko, analitikisa kidogo lilie, kisha anachukua birika. Benchi la pili, seremala ameahidi, litafika Alhamisi.

"Haya," anasema, "tumevuka. Leteni vikombe."

Wa kwanza kunyoosha mkono ni dereva.